Je, wajua? Uongo wa pauni 2,000 unaweza kufuta dai la kweli la pauni 16,000

Wengi huamini kwamba ukitia chumvi kwenye dai la bima ukagundulika, kampuni itakata sehemu ya uongo na kukulipa iliyobaki. Ukiisikiliza, hoja ina mantiki: ada umelipa, mali imeibwa kweli, kwa nini uikose haki yako? Wapo hata wanaoongeza makusudi, wakihesabu kwamba kampuni nayo lazima itapunguza.

Sheria ya Uingereza inakataa katakata. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa ilipata kesi ya mtu aliyevunjiwa nyumba na kupoteza vitu vya zaidi ya pauni 16,000. Wizi ulikuwa wa kweli. Ila kwenye orodha alichomeka kompyuta ya pauni 2,000, dai la uongo lenye risiti ya kughushi. Akakosa zote.

Sababu ni hesabu ya mdanganyifu. Chukua abiria anayepanda treni bila tiketi. Kama akikamatwa anatozwa nauli ileile tu, ana haja gani ya kukata tiketi? Asipokamatwa amesafiri bure. Akikamatwa amelipa sawa na jirani yake mwaminifu. Akili yake itamwambia ajaribu kila siku. Jaji Lord Hobhouse alilieleza jambo hilo mwaka 2001 katika kesi ya meli ya Star Sea: mwenye bima asiachwe akidhani kwamba akifaulu atapata, na akishindwa hatapoteza kitu.

Sheria ya Bima ya 2015, kifungu cha 12, imeyaandika hayo. Kampuni hailazimiki kulipa dai la udanganyifu, inaweza kudai irudishiwe ilichokwisha kulipa kwa dai hilo, na ikitoa taarifa inaweza kuuhesabu mkataba umekoma tangu udanganyifu ulipofanyika, huku ada ikibaki nayo. Lakini moto uliokuunguzia jiko Machi, ukaudai kwa ukweli, haufutwi na uongo wako wa Juni.

Hiyo ni fidia. Jinai ni mlango mwingine: England na Wales, Sheria ya Udanganyifu ya 2006 inafika kifungo cha miaka 10, na kosa hutimia hata kama hukulipwa chochote.

Sasa kituko chenyewe. Januari 2010 maji yalijaa kwenye chumba cha injini cha meli DC Merwestone. Wenye meli walidai zaidi ya euro milioni 3, kisha wakadanganya kwamba mabaharia waliisikia kengele ya hatari wakaipuuza, wakidhani ni bahari iliyochafuka. Uongo huo haukuwa na haja, kwa kuwa hasara ingelipwa vilevile bila huo. Mahakama mbili ziliwanyima. Tarehe 20 Julai 2016 Mahakama ya Juu, majaji wanne kwa mmoja, ikaamua walipwe: waliongopa, ila hawakuongeza hata senti juu ya haki yao.

Kenya na Tanzania zilirithi misingi ya sheria ya Kiingereza, ikiwemo nia njema katika bima, yaani wajibu wa pande zote mbili kuambiana ukweli, ingawa Sheria ya 2015 si yao. Na hata huko Uingereza, sheria hiyo iliyoanza kutumika Agosti 2016 haielezi dai la udanganyifu ni lipi hasa. Kazi hiyo imeachiwa majaji.