Ndege ya kukodi: kwa nini begi lako limeachwa Wilson

Kila msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara unapokaribia, ofisini hufika lalamiko lile lile: nimekodi ndege nzima, mbona begi langu limeachwa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi? Limeachwa kwa sababu kulipia viti vyote hakuiongezei ndege nguvu ya kubeba.

Chukua Cessna 208B Grand Caravan, ndege ya injini moja inayotumika sana kwa safari hizi. Uzito wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 3,969. Ikiwa na viti na oili, yenyewe ina takriban kilo 2,300. Marubani wawili, 170. Viwanja vya mbugani kwa kawaida havina mafuta, kwa hiyo hubeba ya kwenda, ya kurudi na ya akiba: tuseme kilo 400. Zinabaki 1,099. Abiria 12 wa kilo 75, kila mmoja na begi la kilo 15, ni 1,080. Zimesalia kilo 19 tu. Wawili wakiongeza kilo kumi kumi, kikomo kimevukwa.

Isitoshe, Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Jua likiwaka hewa huwa nyepesi. Kwenye nyuzi 28, ndege hufanya kazi kana kwamba iko zaidi ya mita 2,400 (futi 8,000) juu ya usawa wa bahari. Hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na hupanda polepole. Mzigo ukilundikwa nyuma, pua huinuka kupita kiasi na rubani anaweza kushindwa kuishusha. Ndiyo maana abiria naye hupimwa, na hupangiwa kiti. Anayetaja kilo 70 ilhali ana 95 anahatarisha wenzake wote. Tafadhali tuache tabia hiyo. Sanduku gumu nalo hupata shida kwenye milango midogo ya sehemu ya mizigo iliyo chini ya tumbo la ndege. Leta begi laini.

Kukodi ndege si jambo geni hapa. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929 kwa ndege moja ya Gipsy Moth; kampuni ikavunjwa vita vilipozuka 1939, na uwanja ukapewa jina lake 1962. Kilichobadilika ni usimamizi. Leo anayechukua nauli lazima kwanza apate leseni ya huduma za anga, ambayo maombi yake hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi alete. Kisha cheti cha mwendeshaji wa ndege (AOC), kwa hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, uhakiki wa miongozo, ukaguzi wa vitendo pamoja na safari za majaribio, halafu utoaji wa cheti. Cheti huambatana na masharti yanayotaja ndege zinazoruhusiwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) yaweza kukisimamisha au kukifuta, na leseni ya rubani vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, omba nakala ya AOC, tazama tarehe ya mwisho, kisha linganisha namba ya usajili inayoanza na 5Y (alama ya ndege za Kenya) na ile iliyoandikwa kwenye ndege utakayopanda. Leseni ya rubani binafsi hairuhusu kulipwa, hata malipo yakiitwa mchango wa mafuta. Ajali ikitokea katika safari ya namna hiyo, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na familia ndiyo itakayobaki ikihangaika mahakamani.