Mvua Kubwa Ikija Kusini, Ikute Gata Limeshafungwa

Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, Ukanda Mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua wa karibu na ikweta, unaposhuka kusini kulifuata jua la utosi, na kwa kawaida huisha Aprili. Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam wakikosa vuli wana masika ya kungojea. Sisi msimu ukitupita, tunangoja mwaka. Ndiyo maana sifurahi kusikia kila tangazo la mvua kubwa likipokewa kama habari ya msiba.

Katika utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida ya Newala au Nachingwea yenye paa la mita 8 kwa 5 (pima chini, usipande na kamba juu ya bati). Hizo ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 50 inaliangushia paa hilo lita 2,000. Ukitoa yanayorukia pembeni na yanayovuja kwenye viungo vya gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa unaopeleka maji tangini, utabaki na kama lita 1,600, yaani ndoo 80 za lita 20, kwa siku moja tu. Hakuna baiskeli wala bodaboda iliyowahi kupandisha maji mengi hivyo mlimani kwa siku moja.

Nasema mlimani kwa sababu uwanda wa juu wa Makonde una shida ya peke yake. Mvua inanyesha ya kutosha, lakini udongo wake ni wa kichanga na wenye kina kirefu, unapitisha maji kama chekeche. Yanazama mpaka chini kabisa, kisha yanatokea kwenye chemchemi na mabonde yanayozunguka uwanda. Visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, viko huko chini, na maji yake husukumwa kwa pampu kurudi juu. Pampu ikisimama, bei ya ndoo inapanda. Kwa mkazi wa huku juu, maji ya bei nafuu ni yale yaliyodakwa kabla hayajagusa ardhi.

Kudaka kwenyewe kuna kanuni zake, na ya kwanza wengi wanairuka. Kati ya Juni na Septemba mikorosho hupulizwa salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga, pamoja na viuatilifu vya wadudu. Nyumba nyingi zimezungukwa na mikorosho hiyo hiyo. Panda ngazi mwezi Oktoba, pitisha kidole kwenye bati: utakuta vumbi, kinyesi cha ndege, majani makavu yaliyonasa kwenye migongo ya bati, na pengine ile rangi ya njano ya salfa. Vyote hivyo vinateremka na mvua ya kwanza. Basi mvua ya kwanza ya msimu isiingie tangini hata kidogo, iende kwenye migomba. Baada ya hapo, kila mvua inayokuja kufuatia siku kadhaa za ukavu, acha dakika chache za mwanzo zimwagike ndipo urudishe bomba la gata kwenye tangi. Tangi lifunikwe, na mdomo wake uwekwe wavu wa matundu madogo, la sivyo utakuwa unafuga mbu. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Paa la makuti au nyasi linafaa kwa maji ya kufulia na kumwagilia. Ya kunywa tafuta kwingine.

Ukubwa wa tangi ni suala la mfuko. Tangi la lita 5,000 likiwa limejaa mwishoni mwa Aprili, ukitumia lita 28 kwa siku litakufikisha Oktoba. Hizo ni za kunywa na kupikia tu. Kufua utajua mwenyewe. Mwenye kumudu simtanki la lita 1,000 asione aibu: msimu una mvua nyingi, litajaa na kutumika mara kadhaa.

Shambani hesabu inageuka. Kule unataka maji yazame, tena taratibu. Adui mkubwa ni moto wa kuandaa shamba. Ardhi iliyoungua na kubaki uchi hupigwa na matone makubwa, uso wake unajifunga, na maji yanateremka na udongo wa juu. Nenda kwenye miteremko ya uwanda uone makorongo. Acha masalia ya mazao yawe matandazo, na kwenye mteremko chimba makinga maji kukatiza mwinuko, si kuufuata.

Na mvua moja kubwa ya Novemba isikufanye umwage mbegu yote. Chimba kwa jembe mpaka kama sentimita 30, shika udongo wa chini, ufinye: ukishikamana, panda, ukimwagika kati ya vidole, subiri. Januari na Februari mvua hukatika mara kwa mara, na kimbunga kilicho mbali huko kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi kinaweza kuvuta unyevu wetu kwa siku nyingi. Mihogo itavumilia. Mahindi hayana subira hiyo.

Wakati mwingine kimbunga chenyewe hutujia. Mei 2024 Hidaya kilileta mafuriko Kilwa na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga. Siku ya namna hiyo habari ya ndoo iishe. Wa mabondeni wahame mapema, na hakuna kuvuka maji yanayokwenda kasi. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumike mpaka kisafishwe na kutiwa dawa, kwa kuwa maji hayo yamepitia vyooni.

Kwa siku za kawaida limebaki bomba la kufurikia, ambalo mafundi wengi hulisahau. Tangi likijaa Februari maji lazima yapate pa kwenda. Yaelekezwe kwenye shimo lenye migomba au mipapai, mita kadhaa kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali na choo. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini.