Kilimanjaro Haukuwa Zawadi ya Siku ya Kuzaliwa

Wiki iliyopita nilisahihisha karatasi za kidato cha nne. Swali moja liliwataka wanafunzi waeleze kwa nini mpaka wa Kenya na Tanzania, ambao umenyooka tangu Ziwa Victoria, unajipinda ghafla unapoufikia Mlima Kilimanjaro. Zaidi ya nusu yao waliandika kwamba Malkia Victoria alikuwa na milima miwili yenye theluji, mjukuu wake Kaiser Wilhelm hakuwa na hata mmoja, na bibi akamzawadia Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa. Siwalaumu wanafunzi, kwa sababu hadithi hiyo wameisikia kwa watu wazima, wakiwamo walimu na waongoza watalii, na mimi mwenyewe nimeshaisikia ikisemwa kwa uhakika mkubwa na watu wenye shahada. Nimechoka nayo, na leo nataka kuishughulikia mpaka mwisho.

Tarehe zenyewe zinatosha kuiangusha. Mpaka huo ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani kwa barua walizobadilishana tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Wakati huo Wilhelm alikuwa mwana wa mfalme mwenye umri wa miaka 27, babu yake ndiye aliyekuwa Kaiser, na sera ya nje ya Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Chansela Bismarck. Wilhelm alipanda kitini Juni 1888. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa tarehe 27 Januari.

Hata hivyo tarehe si jambo linaloniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni dhana iliyojificha ndani ya hadithi, yaani kwamba kwanza palikuwa na mstari ulionyooka kutoka baharini hadi ziwani, kisha mtu fulani akaukunja ili mlima uangukie upande wa pili. Chukua ramani na rula. Weka ncha moja kwenye mlango wa mto Umba, pale Vanga, na nyingine mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini inakutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Rula itapita karibu kabisa na mji wa Moshi, na vilele vya mlima, Kibo na Mawenzi, vyote vitabaki kaskazini yake. Mtu akiona hivyo husema, "Unaona? Mlima ulikuwa wa Waingereza, ukatolewa." La hasha. Rula hiyo umeiweka wewe leo. Mkataba wa 1886 haukuanza na mstari ulionyooka. Ulitaja mahali kimoja baada ya kingine: mstari uanzie mlango wa mto Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, upite upande wa mashariki wa ziwa hilo na kulizunguka kaskazini, uvuke mto Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, uzunguke chini ya mlima kwa upande wa kaskazini, kisha ndipo uende moja kwa moja hadi Ziwa Victoria. Kipande kilichonyooka ni kile kilichopita katika nchi ambayo waandishi wake hawakuwa na cha kutaja. Kwa hiyo swali la maana ni hili: kwa nini mstari ulinyooka kila mahali isipokuwa hapo?

Soma tena maneno yanayohusu Taveta. Kama shabaha ilikuwa kumpa mtu mlima, kulikuwa na haja gani ya kujadili kijiji kilichomo msituni mashariki yake na kuhakikisha kimebaki upande wa Waingereza? Jibu linaanza na maji. Kati ya pwani na Kilimanjaro kuna nyika pana na kavu ambayo misafara kutoka Mombasa, Vanga na Pangani iliivuka kwa taabu. Taveta ni mahali ambapo maji ya mlima, yaliyozama katika miamba ya volkano, yanatokeza tena juu ya ardhi na kulisha msitu katikati ya ukame. Msafara ulioipita nyika ulipata hapo kivuli, ndizi, maji na usalama kabla ya kuingia Umasaini. Mwingereza Harry Johnston, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884 kwa utafiti wa viumbe, alifanya makubaliano na wenyeji wa Taveta, na makubaliano hayo ndiyo yaliyowapa Waingereza hoja ya kukitaka kijiji hicho.

Sasa panda mlima wenyewe. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikigonga mteremko wa kusini hupanda, hupoa na kuumwaga unyevu wake, na ukanda wa msitu wa upande huo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Chini ya msitu huo, juu ya udongo wa volkano, Wachaga walikuwa wamejenga kwa karne kadhaa mojawapo ya nchi zilizokaliwa na watu wengi zaidi katika bara zima la ndani: vihamba vya migomba vilivyoshikana, ng'ombe wanaolishwa zizini, na mifongo inayochota maji kwenye makorongo na kuyatembeza kwa mteremko mdogo sana hadi mashambani. Nimewahi kufuata mfongo mmoja kwa miguu tangu unapochotwa. Mahali pengine maji yalikwenda taratibu kiasi kwamba jani la mgomba lililoangukia humo lilisimama kwanza kabla ya kuamua kuondoka, na bado yalifika alipoyataka mtu aliyeuchimba bila kipimo chochote cha kiwandani.

Palipo na watu wengi pana watawala, na palipo na watawala pana mtu wa kuwekewa karatasi mbele. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alikuwa mwanasiasa hodari aliyetafuta bunduki na washirika dhidi ya Sina wa Kibosho. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Jenerali Mathews, kamanda wa jeshi lake, kupandisha bendera yake mlimani, na wamangi wakakubali kuwa chini yake. Muda mfupi baadaye akaja Karl Jühlke, mwenzake Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akikusanya mikataba ya ardhi Afrika Mashariki, akaondoka na mkataba wa Rindi kwa niaba ya Wajerumani. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, na Barghash akalazimika kulegeza msimamo. Sipendi kuiita karatasi ya Jühlke "mkataba" bila kusita, maana Rindi alikuwa mtawala wa Moshi na hakuwa mtawala wa Kibosho, Machame wala Rombo, na kwake kumkaribisha mgeni mmoja hakukumaanisha kumfukuza mwingine. Lakini London na Berlin hawakujali hilo. Mjerumani alikuwa na karatasi ya Uchagani, Mwingereza alikuwa na karatasi ya Taveta, na mstari ukapitishwa katikati ya karatasi hizo mbili.

Upande wa kaskazini mambo ni tofauti. Huko ni kivuli cha mvua. Ukishuka kuelekea Amboseli, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400, na nchi ilikuwa malisho ya Wamasai, watu wanaohama na mifugo yao na ambao wageni waliwaogopa. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya huko. Ndiyo maana mstari uliozunguka kwa uangalifu mashamba ya Wachaga uliipasua nchi ya Wamasai kama kisu kinachokata kitambaa, bila kutaja kilima, kisima wala ukoo.

Hoja yangu, kwamba mvua ilileta watu, watu wakaleta karatasi, na karatasi zikaleta mpindo, ina udhaifu ambao sitauficha. Ukame wa kaskazini hautoshi kueleza kwa nini Wamasai hawakuwekewa mikataba. Mfumo wao wa uongozi haukuwa na mangi mmoja wa kuketi naye barazani, na jambo hilo ni la historia yao wenyewe, si la mawingu tu. Vilevile mashariki, Rombo, mvua ni kidogo kuliko Machame na bado watu walikuwa wengi. Jiografia iliwapa watu nafasi ya kuchagua, lakini haikuchagua kwa niaba yao. Vitabu vyetu vya shule hupenda kusema kwamba mlima "ulisababisha", na mimi mwenyewe nimeshawahi kusema hivyo darasani nilipokuwa na haraka.

Kuhusu pwani nitasema kwa kifupi. Mombasa ina bandari yenye kina kwa sababu mito ya kale ilichimba mabonde ambayo bahari iliyafunika baadaye, na maji ya mito yasiyo na chumvi yakazuia matumbawe kuziba mlango. Mwingereza aliitaka Mombasa, Mjerumani akapewa nafasi upande wa kusini, na mlango wa Umba ukawa mahali pa kugawia. Juu ya hayo, Uingereza ilihitaji uungaji mkono wa Bismarck katika suala la Misri, na haikuwa tayari kugombana naye kwa ajili ya mlima ulio yapata kilomita 300 kutoka baharini. Na tafadhali, tusirudie kusema kwamba mpaka huu ulichorwa kwenye Mkutano wa Berlin. Mkutano huo ulimalizika tarehe 26 Februari 1885 baada ya kushughulikia hasa Kongo, Niger na kanuni za kudai pwani. Hati ya ulinzi wa Kaiser aliyopewa Peters kwa maeneo aliyodai ilitolewa siku iliyofuata, na mstari wetu ukaja baada ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Nadhani hadithi ya zawadi ilipata nguvu kwa sababu Hans Meyer, alipofika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikiita kilele hicho kwa jina la Kaiser Wilhelm. Jina la mtu likikaa juu ya mlima, ni rahisi kuamini kwamba alipewa mlima. Lakini ukiiamini, Rindi anatoweka, Barghash anatoweka, watu wa Taveta wanatoweka, na nchi nzima inageuka kuwa kitu cha kupitishwa mezani kati ya bibi na mjukuu wasioijua. Hilo linanikera kuliko kosa lolote la tarehe.

Maneno ya 1886 yenyewe yaliwapa kazi wapimaji. Mlima wenye mteremko wa taratibu kama ule huanzia wapi? Maneno "upande wa mashariki" wa Jipe yangeliacha ziwa lote kwa Wajerumani, lakini leo mpaka unapita majini na ziwa ni la nchi zote mbili. Ziwa Chala, lililomo ndani ya kreta, halikutajwa kabisa, na nalo limegawanywa. Ulihitajika mkataba mwingine mwaka 1893, na kazi ya tume za mipaka iliendelea hadi mwanzoni mwa karne iliyofuata. Mwaka 1964 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliokutana Cairo, waliazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, na mstari wa barua zile mbili ukawa wetu.

Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka huo, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa miaka hiyo mtu wa Rombo mwenye shangazi Taveta alihesabiwa kuwa na ndugu ng'ambo. Mto Lumi uliendelea kushuka kutoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, ukaingia Kenya, ukapita Taveta na kumwaga maji yake Jipe, ambako nusu ya maji hayo ilirudi kuwa ya Tanzania.