Video za kutuliza akili kwa wanafunzi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kutazama video hizo ni kupoteza muda tu."

Naanza na kauli hii kwa sababu ndiyo inayowavunja moyo vijana wengi. Mwaka 1991 mtafiti Roger Ulrich na wenzake walichapisha jaribio lililohusisha wanafunzi 120 wa chuo kikuu. Kwanza walioneshwa filamu ya kutia hofu kuhusu ajali za kazini. Kisha kwa dakika 10 wengine wakatazama video za miti au maji, wengine za mitaa yenye magari au watu. Waliotazama miti na maji walitulia upesi zaidi: misuli yao ililegea na jasho la ngozi likapungua ndani ya dakika chache. Ni kweli hao walikuwa wakubwa kidogo kuliko wanafunzi wa sekondari, lakini hofu hukaza misuli na kuufanya moyo uende mbio hata kwa kijana wa miaka 15. Anayetazama mawimbi kabla ya mtihani anaupa mwili nafasi ya kushusha pumzi. Asiitwe mvivu.

"Ukitazama zaidi, utatulia zaidi."

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Video ya mto ikiisha, nyingine hujianzisha yenyewe, na baada ya tatu au nne kijana yuko kwenye ugomvi wa watu asiowajua. Saa saba usiku bado macho makavu, ilhali kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Usingizi uliopotea huongeza msongo uleule aliotaka kuupunguza. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Apakue video moja, azime intaneti na arifa, avute hewa taratibu na kuitoa taratibu zaidi, kisha aiweke simu mbali na kitanda.

"Inayomtuliza mmoja itawatuliza wote."

Chukua video za minong'ono na sauti za kukwaruza, maarufu kwa jina la ASMR. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walionesha mwaka 2018 kwamba mapigo ya moyo hupungua kwa takriban matatu kwa dakika, lakini kwa wale tu wanaohisi msisimko mwilini wanapozisikia sauti hizo. Wapo ambao sauti hizo huwakera. Mwalimu asilazimishe darasa zima video moja.

"Akishatulia, tatizo limekwisha."

Hapana. Video haimzuii anayemwonea shuleni, wala haifafanui hesabu asizozielewa. Huzuni au wasiwasi ukipita wiki mbili, akakosa usingizi, akaacha kula au kuwakwepa marafiki, mzazi au mwalimu akae naye, amsikilize bila kumkatiza, kisha wamwone mshauri nasaha pamoja. Na kijana anayetaja kujidhuru au kutamani kufa asipewe video: asiachwe peke yake, apelekwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo.