Kiwanja chenye sumu: hela za jimbo zipo, ila tafuta barua kwanza

Ndugu zetu hapa Minnesota, Marekani, wakitaka kununua jengo la zamani wafungue duka au kanisa, wakisikia kazi yangu ni kupima udongo swali ni lile lile: eti jimbo linatoa hela za kusafisha ardhi yenye sumu, tunazipataje? Zipo kweli, ila mimi huwa naanza na barua.

Tatizo lilianza na sheria ya taifa ya 1980, ile ya Superfund, iliyokuja baada ya balaa la Love Canal, mtaa wa kule New York uliojengwa juu ya jaa la kemikali. Haina mswalie mtume hiyo sheria. Ukishakuwa mmiliki unaweza kubanwa ulipie usafishaji hata kama sumu aliimwaga mtu aliyekufa zamani, basi benki zikaogopa, viwanda vilivyofungwa vikabaki magofu katikati ya mji na wawekezaji wakaenda zao kujenga mashambani huko ambako udongo hauna kesi.

Ndo mwaka 1988 Minnesota ikaleta mpango wa hiari. Unajipeleka mwenyewe kwa wakala wa mazingira wa jimbo, unapima, na kama huhusiki na uchafuzi unaweza kuandikiwa barua inayosema hivyo. Benki ikiiona hiyo inatulia. Sasa iombeni kabla ya kusaini jamani! Kuna mteja alinijia hati tayari iko mkononi, jengo kumbe zamani lilikuwa la dobi wa kemikali, mvuke wa hizo kemikali unapanda kutoka ardhini kupitia sakafu ya zege, tulihangaika naye mpaka basi.

Haya, hela. Idara ya uchumi ya jimbo inatoa ruzuku hadi asilimia 75 ya gharama za kupima na kusafisha, maombi mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Ila muombaji sio wewe, ni jiji au kaunti ndo inaomba kwa ajili ya mradi wako, na mpango wa kusafisha uwe umeshapitishwa na wale wa mazingira. Halafu wanaangalia ajira ngapi zitapatikana na kodi itapanda kiasi gani, kwa hiyo kijiduka cha mtaani kinashindana na ghorofa la mwekezaji mkubwa, na hilo mimi sijawahi kulipenda.

Aliyechafua akiwepo na ana uwezo, mambo ni tofauti. Kiwanda cha Ford pale St. Paul kilifungwa 2011, na Ford wenyewe ndo waligharamia kusafisha.

Kingine, "safi" ya godauni sio "safi" ya nyumba. Kwa godauni mnaweza kuruhusiwa kuacha udongo mchafu chini ya lami na ikaandikwa kwenye hati, kwa hiyo kama mna wazo la kuweka chekechea hapo baadaye semeni mapema, kabla sijaanza kuchimba.