Kitambi chako sentimita ngapi? Maswali na majibu kuhusu kipimo cha kiuno

Mizani si ipo, ya nini tena kuhangaika na futi ya kupima kiuno?

Mizani inakupa kilo tu, hizo kilo zimekaa wapi haijui. Mifupa, misuli, maji, mafuta, vyote inajumlisha kapu moja. Hata BMI, ile ya kuchukua kilo ukagawanya kwa urefu wako mara urefu wako, ina shida hiyohiyo. Chukua wanaume wawili, wote kilo 78, wote urefu sentimita 170, BMI zao zinakuja 27 na kwenye chati wote wanasomeka uzito umezidi. Sasa mmoja anabeba magunia Kariakoo toka alfajiri, mapaja na mabega yamejaa misuli, tumbo flati. Mwenzie anatoka kitandani anaingia kwenye gari, anatoka kwenye gari anakaa ofisini, jioni anahamia kiti cha baa, mikono myembamba ila shati vifungo vya katikati vinagoma. Mizani inawaona mapacha, futi ndo inakwambia yupi umuulize habari za presha na sukari.

Na wala sio jambo la juzi. Daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, anaitwa Jean Vague, aliandika mwaka 1947 kwamba wanene wa tumboni na wanene wa mapajani hawaugui sawa, ikapita miaka mingi watu hawajamsikiliza. Mwaka 2004 ukaja utafiti mkubwa wa INTERHEART, nchi 52, unene wa tumbo ukawemo kwenye yale mambo 9 yanayochangia sehemu kubwa ya mishtuko ya moyo duniani. Na Januari 2025 jopo la wataalamu kupitia jarida la Lancet likasema wazi kwamba BMI peke yake isitumike kumpa mtu jina la mgonjwa wa unene, iongezewe kipimo kingine, kiuno kikiwemo.

Napima wapi hasa? Kwenye kitovu, juu yake, chini yake?

Hapa ndo wengi wanapokosea. Usifuate kitovu, manake tumbo likishuka na kitovu kinashuka nalo. Shika ubavu wa mwisho kwa pembeni, ule wa chini kabisa unaoushika kwa vidole, kisha shika mfupa wa nyonga pale juu, katikati ya hivyo viwili ndo mahali pa kupita futi, hivyo ndivyo WHO, shirika la afya duniani, wanavyoelekeza. Wamarekani wengine wanapima juu ya mfupa wa nyonga kabisa, majibu yanaweza kutofautiana kidogo, we chagua sehemu moja ubaki nayo.

Futi ya fundi cherehani inatosha kabisa. Vua shati au pandisha juu, simama miguu imeachana kidogo, futi ilale sawa mbele na nyuma (mtu akusaidie kuangalia mgongoni au tumia kioo), iguse ngozi bila kuibana, alafu toa pumzi kawaida ndo usome. Najua mkono ukishika futi tumbo lenyewe linajivuta ndani, kila mtu anafanya, ila hapo unamdanganya nani.

Na tafadhali usiniambie "mi navaa 34". Namba ya suruali sio kipimo cha kiuno, suruali yenyewe unaifunga chini ya kitambi, na makampuni yanashona 34 ambayo ukiipima kwa futi unakuta ni 36 au zaidi. Kuna wazee wamevaa namba hiyohiyo toka wako chuo na kitambi kimekua juu ya mkanda miaka yote hiyo.

Haya nimepima. Namba ipi nzuri ipi mbaya?

Kwa wanawake, ukivuka sentimita 80 hatari inaanza kupanda, ukivuka 88 imepanda sana. Kwa wanaume ni 94 na 102. Kwa wenye futi ya inchi, 80 ni kama inchi 31 na nusu, 88 ni karibu 35, 94 ni 37, 102 ni 40. Wajawazito hizi namba haziwahusu, na watoto wana hesabu yao nyingine.

Ila zisomwe kwa akili kidogo. Hizo namba msingi wake ni watu wa Ulaya, na mwaka 2006 shirikisho la kimataifa la kisukari lilisema Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie namba za Wazungu kwa muda mpaka za kwao zipatikane. Tafiti zilizokuja kufanyika Afrika zinaonyesha kwamba kwa wanaume wetu shida inaweza kuanza kabla ya kufika 94, kwaiyo mwanaume mwenye 91 asianze kushangilia. Kwa ndugu zetu wenye asili ya Kihindi, ambao tunao wengi Dar, Mombasa na Kampala, mwanaume anahesabiwa kuanzia 90, manake miili yao inaweka mafuta ya ndani mapema hata mtu akionekana wa kawaida.

Mi binafsi naipenda zaidi hesabu ya kamba, haijali sana wewe ni wa wapi. Chukua kamba, ipime toka utosini mpaka kisiginoni, ikate. Ikunje katikati. Hiyo nusu izungushe kiunoni, ikikutana vizuri uko salama, isipokutana kiuno kimezidi nusu ya urefu wako. Waingereza kupitia NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, waliliweka hilo kwenye mwongozo wa 2022: chini ya nusu ni sawa, kuanzia 0.5 mpaka 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 na kuendelea ni kubwa. Mtu wa sentimita 160 mwisho wake ni 80 kasoro, wa 180 ni 90 kasoro, mke kwa mume.

Kwani mafuta ya tumboni yana nini ambacho ya makalioni hayana?

Hili swali ndo lenyewe. Tumboni kuna mafuta ya aina mbili. Kuna yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyashika na vidole, na kuna ya ndani, nyuma ya misuli, yamezunguka utumbo na kujibana karibu na ini na kongosho. Haya ya ndani hayatulii, yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, yanatoa kemikali zinazoleta uvimbe wa chinichini mwilini, ini linajaa mafuta, insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye seli) inaanza kugonga mlango wa seli haifunguliwi, kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi na zaidi mpaka linachoka, hapo ndo unasikia mtu sukari imepanda wakati hajawahi kuumwa hata kichwa. Presha inapanda, mafuta mabaya kwenye damu yanapanda, mishipa inaziba taratibu. Kiharusi na moyo vinatokea hukohuko.

Ya mapajani na makalioni ni mapole, yanahifadhi mafuta yasizurure kwenye damu. Kwaiyo dada mwenye hipsi kubwa na kiuno chembamba asitishwe na watu.

Kuna jaribio moja Marekani lilichapishwa 2004, wanawake 15 wanene walinyonywa mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo kama kilo 10 hivi kila mmoja. Wiki kadhaa baadaye wakapimwa, presha, sukari, insulini, kolestro, hakuna cha maana kilichobadilika. Kilo 10! Manake yaliyotolewa ni ya nje, ya ndani yalibaki palepale.

Mimi mwembamba mwili mzima ila nina kitambi tu. Si nipo salama?

Hapana kaka, wewe ndo wa kupima kabisa. BMI yako inaweza kuwa 23 safi kabisa na kiuno kikawa 96, na hakuna daktari atakushtukia ukiwa umevaa koti. Pima na sukari na presha, usingoje kunenepa.

Nimezaa watoto watatu, tumbo halijarudi. Hayo nayo ni mafuta?

Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa sio. Mji wa mimba wenyewe unachukua kama wiki 6 kurudi saizi yake, huo muda usijipime wala usijihukumu. Baada ya hapo wakinamama wengi misuli miwili ya mbele ya tumbo inakuwa imeachana. Lala chali, inua kichwa kidogo, ukiona kimgongo kinachomoza katikati juu ya kitovu ni dalili yake, na hapo mazoezi ya kuinuka yale ya jeshi yanaweza kukuzidishia, muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwanza. Kufunga tumbo na kanga kunasaidia kushikilia, unajisikia vizuri mgongo unatulia, ila hakuchomi mafuta. Na ukifika umri wa kukoma hedhi homoni zinabadilika, mafuta yaliyokuwa yanaenda mapajani yanaanza kwenda tumboni, ndo maana mama anakwambia "sijabadilisha chakula ila gauni halinitoshi" na anasema kweli.

Chai ya kupunguza tumbo, mkanda, sit-ups?

Chai nyingi za hivyo zina majani ya kuharisha, unapoteza maji na kinyesi, kesho unakunywa maji yanarudi. Mkanda unakutoa jasho na kukubana. Sit-ups zinajenga misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayasikii, mwili hauchomi mafuta ya sehemu unayoichagua.

Kinachofanya kazi hakina biashara. Anza na vya kunywa, soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na kitu, vijiko vya chai 8 au 9, chai ya hivyo usingeinywa. Juisi ya sukari ni hivyohivyo. Bia nazo, mbili tatu kila jioni na nyama choma na ugali saa 4 usiku alafu unalala. Ugali sijakukataza, punguza mlima, ongeza mchicha, maharage, samaki. Tembea haraka mpaka pumzi ibadilike, dakika 150 kwa wiki ndo kiwango cha chini cha WHO, nusu saa siku tano, shuka kituo kimoja kabla. Na ulale. Uzuri ni kwamba mafuta ya ndani yanaitikia mazoezi mapema, kiuno kinaweza kupungua sentimita 2 au 3 wakati mizani haijasogea, kwaiyo anayeangalia mizani tu anakata tamaa bure.

Tumbo kubwa linaweza lisiwe mafuta kabisa?

Ndiyo, hili mlishike. Tumbo lililokua ndani ya wiki chache huku mikono na uso vinakonda, macho ya njano, miguu imevimba, unatapika damu, au mama anashiba haraka na kusikia kitu kigumu chini ya kitovu, hicho sio kitambi. Maji tumboni kwa sababu ya ini, bandama lililovimba kwa kichocho (watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanalijua hili), uvimbe kwenye kizazi au kwenye mayai ya mwanamke, vyote vinajaza tumbo. Hapo weka futi chini uende hospitali.

Kiuno changu 104. Kesho nifanye nini?

Nenda kituo cha afya, usile kitu toka usiku, omba wapime presha, sukari, na kama maabara wanaweza, mafuta kwenye damu na ini. Vikirudi vizuri unaanza na hayo ya soda na kutembea, unajipima kila baada ya mwezi, asubuhi kabla ya chai, sehemu ileile, futi ileile. Vikirudi vibaya unaanza hayohayo pamoja na dawa utakazopewa, na usiziache eti kwa sababu kiuno kimeshuka, hilo aamue aliyekuandikia.