Je, wajua kwa nini nafuu ya kodi ya malezi ikiongezwa, duka dogo laweza kuishindwa zaidi?

Tangu Januari 2026, mfanyakazi wa Marekani anaruhusiwa kutenga hadi dola 7,500 za mshahara wake kwa mwaka, kabla ya kukatwa kodi, alipie malezi ya mtoto aliye chini ya miaka 13 au ya tegemezi asiyejiweza anayeishi naye. Kiwango cha zamani, dola 5,000, kiliwekwa 1986 kikakaa hivyo karibu miaka 40. Mwaka 2021 tu, wakati wa korona, kilipanda hadi 10,500, kisha kikarudi palepale.

Si haba. Anayelipa kodi ya mapato ya asilimia 12, pamoja na makato ya asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), akitenga zote 7,500 huokoa kama dola 1,470. Hata bibi anayebaki na mjukuu anaweza kulipwa humo, mradi hujamwandikisha kuwa tegemezi wako na jina lake na namba yake ya kodi vimejazwa kwenye fomu. (Hapo ndipo mabibi wengi husema: aa, mwanangu, tuache tu.)

Shida ni kwamba mpango huu lazima uanzishwe na mwajiri, na sheria inampa mtihani wa hesabu: wastani wa wanachopata wafanyakazi wa kawaida kwenye mpango huo usipungue asilimia 55 ya wastani wa wanachopata wenye mishahara minono.

Chukua kliniki ya meno yenye daktari mmoja wa mshahara mkubwa na wahudumu wanne. Daktari akitenga 7,500, wahudumu wanatakiwa kufikia wastani wa 4,125. Mmoja ana mtoto mchanga, katenga 5,000. Watatu watoto wao wameshakua. Wastani: 1,250. Wamefeli, na fedha za daktari zinatozwa kodi. Zamani, kwa 5,000, wangehitaji wastani wa 2,750 tu. Kiwango kimepanda, na kizingiti kimepanda nacho. Kampuni ya watu elfu haisumbuki sana, maana wazazi wa watoto wadogo hawakosekani. Mhudumu mwenye mtoto mchanga hakufanya kosa lolote, wala fungu lake haliguswi. Ila wakubwa wasiponufaika, nani atahangaika na makaratasi mwaka ujao?

Tangu 2011 kuna njia ya kukwepa mtihani huo kwa waajiri wenye watu wasiozidi 100, lakini mwajiri lazima achangie fedha zake, kwa mfano asilimia 2 ya mshahara wa kila anayestahili. Sheria ya 2025 nayo inawapunguzia kodi wenye biashara ndogo kwa nusu ya gharama za kuwapatia wafanyakazi huduma ya malezi, hadi dola 600,000 kwa mwaka, na inawaruhusu kuungana. Kliniki, gereji na mgahawa wa mtaa mmoja wanaweza sasa kuchangia kituo kimoja cha kulelea watoto.